Naomba ushauri: msuguano kwenye mteremko umetukwamisha

Habari zenu wakuu, na shikamooni walimu mliomo humu. Namsaidia mdogo wangu wa kidato cha tatu, tumekwama wote wawili.

Kipande cha mbao cha kilo 5 kimetulia kwenye ubao ulioinama nyuzi 30. μ (namba ya kiwango cha msuguano) ya msuguano tuli, yaani wa kitu kilichotulia, ni 0.6; g (mchapuko wa mvutano wa dunia) ni 10, hivyo uzito ni niutoni 50. Kani inayokivuta kushuka: 50 × sin 30 = niutoni 25. Msuguano: 0.6 × 50 × cos 30, karibu niutoni 26. Sasa msuguano umezidi mvuto! Kwa hesabu hii kipande kingepanda chenyewe, jambo lisilowezekana. Tumerudia kupiga hesabu, jibu ni lilelile.

Je, msuguano halisi hapo ni 25 au 26? Na nitajuaje ni lini μ inatoa msuguano wenyewe, lini inatoa kikomo chake tu? Mtihani wake umekaribia.