Mrejesho: chumvi na maharage kugoma kuiva

Wakuu, niliuliza kama ni kweli chumvi ikitangulia maharage hayaivi, maana mama mkwe haambiliki kwa hilo. Mmoja wenu akasema pima mwenyewe. Nimepima.

Maharage ya gunia moja, yamelala kwenye maji usiku kucha, nikayagawa kwenye sufuria mbili zinazofanana juu ya jiko moja kubwa la mkaa. Nilikuwa nazihamisha nafasi, upande mmoja moto ni mkali. Tofauti ni chumvi tu. Jirani, asiyejua ipi ni ipi, akabonyeza punje kwa vidole. Kuonja nilimkataza, ulimi ungemwambia.

Yameiva pamoja. Nikarudia, hali ile ile. Ya chumvi ganda lilikuwa laini zaidi, kwani sodiamu iliyomo kwenye chumvi huchukua nafasi ya kalisiamu, madini yanayolikaza ganda. Kinachotumalizia mkaa hapa Mbeya ni mwinuko: kwenye mita 1,700 hivi maji huchemka karibu nyuzi 94, siyo 100 kama Dar.

Mama mkwe kaangalia, kasema: "Hayo ni mapya, baba." Ana hoja, ya zamani hukawia kweli. Nimeshaloweka ya msimu uliopita.