Wenye karakana Mwanza, hizo lagi (masikio ya chuma ya kuinulia) mnazochomelea kwenye matanki mtatuulia vijana

Wakuu heshima kwenu. Leo nina hasira, mtanivumilia.

Mimi naendesha kreni hapa Mwanza, kazi zangu ni kushusha na kupandisha vitu vizito, matanki, majenereta, boila za viwandani. Juzi kati nikaitwa kushusha tanki la chuma la tani 8 kutoka kwenye lori, limetengenezwa karakana moja maeneo ya Nyakato, jina silitaji maana bado tunavutana. Tanki limepigwa rangi linang'aa, ila ukiziangalia zile lagi nne za kuinulia unajua kabisa zimekumbukwa lori likiwa getini. Pleti imekatwa kwa gesi, tundu nalo limetobolewa kwa gesi, lina meno meno kama msumeno na ni kubwa mno kwa pini ya shakoli (kile kifungo cha chuma kinachounganisha mnyororo na lagi), yaani pini inagusa sehemu ndogo tu halafu chuma chote kinavutwa hapo. Tundu la lagi linatobolewa kwa drili jamani, na linazidi pini kidogo tu!

Nikamwambia msimamizi wao hii siipendi. Akanijibu eti wamekadiria, tani 8 gawa kwa lagi 4, kila moja tani 2, na pleti inabeba hata 3.

Sasa hapo ndipo damu inapochemka. Tanki ni kitu kigumu halijikunji, ukilifunga minyororo minne urefu ukipishana kidogo tu unakuta miwili ya kona kwa kona ndiyo imebeba mzigo wote, kwa hiyo hesabu inaanzia tani 4 kwa lagi, sio 2. Halafu minyororo haisimami wima, inalala. Ikiwa nyuzi 60 kutoka usawa wa tanki kila mmoja unavuta kama tani 4.6, ikilala mpaka nyuzi 30 unavuta tani 8 nzima. Lagi ya "tani 2" inavutwa na tani 8! Na karibu tani 7 kati ya hizo zinavuta kwa ubavu, sasa wao lagi wamezigeuza upana wake ukaikingama minyororo badala ya kuifuata. Pleti ikivutwa ubapa inapinda kirahisi, hata ikiwa nene inapoteza nguvu nyingi.

Nikasema basi nanyanyua kidogo kwanza, watu wote wakae mbali. Halijaachia hata lori vizuri, rangi ikaanza kupasuka kwenye mguu wa lagi ya nyuma, mstari mwembamba, kisha ukuta wa tanki wenyewe ukavimba kuja juu. Ukuta wa milimita 6, wamechomelea lagi juu yake hivi hivi, hakuna pleti ya kutandaza chini, ndani hakuna mbavu. Nikashusha haraka, tanki likateleza likabonyea kwenye ubao wa lori. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, kulikuwa na kijana ameshika kamba ya kuongozea upande uleule.

Na weldi yenyewe ilikuwa upande mmoja tu, ncha hazijazungushwa. Fundi wao nilimuuliza rodi gani ya kuchomelea, akasema 7018, aina isiyotaka unyevu, nikaona boksi limefunguliwa lipo sakafuni karakana iko karibu na maji kabisa. Rodi zile zikinywa unyevu wa ziwa weldi inaweza kupasuka kimya kimya saa kadhaa baada ya kupoa, ndiyo maana zinakaa kwenye oveni, na weldi ya lagi inapimwa kwa dawa ya rangi au sumaku baada ya kusubiri, sio ikiwa bado ina moto. Kuna wengine wanakunja nondo kabisa wanaita hiyo lagi, hao hata sitaki kuwaongelea.

Sasa kituko, barua imekuja, nilipe kubonyea kwa tanki kwa sababu "dereva alinyanyua kwa pupa". Mimi! Nimewaomba mchoro wa lagi na jina la injinia aliyeupitisha, hakuna mchoro, hakuna injinia. Picha za ile lagi iliyolala ninazo zote.

Kuanzia sasa mzigo bila mchoro, uzito ulioandikwa na karatasi ya kupimwa weldi, kreni yangu haisogei, mkamtafute mwingine. Kwa walioshawahi kudaiwa hivi, mlianzia OSHA (wale wa usalama na afya kazini) au mlienda moja kwa moja kwa wakili?