Lenzi ya Zenit ya zamani kwenye Canon, nani ametumia huku Mbeya?

uyole_kwetu
Habari za jioni wakuu, naombeni ushauri. Baba mdogo alikuwa na studio Iringa mjini enzi za filamu, sasa kanipa Zenit yake, kamera ya filamu ya Kisovieti, pamoja na lenzi, imeandikwa Helios 44-2. Mambo ya filamu nayaacha kwanza ila hii lenzi naitaka kwenye kamera yangu ya dijitali, Canon 1200D, maana ukiishika ni chuma na kioo kitupu, nzito kweli. Je inaingia? Adapta gani? Na inafaa kupiga watu au ni ya kuweka kabatini tu? Jingine, tuna grupu la WhatsApp la wapenda picha tunatumiana kazi zetu, sasa picha ikifika kule inakuwa kama imepitishiwa kitambaa kibichi, mashamba ya chai yote yanakuwa kijani kimoja, jani hulioni. Wenzangu mnafanyaje?

Kihesa_foto
Kamwene mkuu, hiyo ni mali, mshukuru sana mzee. Inaingia. Hiyo lenzi ni ya kuzungusha kwenye nyuzi, inaitwa M42 kwa sababu mdomo wake una kipenyo cha milimita 42, kwa hiyo tafuta adapta ya M42 kwenda Canon EF (ndio mdomo wa kamera yako), kipete chembamba cha chuma kisicho na kioo ndani. Canon una bahati. Lenzi za M42 zinataka kukaa milimita 45.46 kutoka kwenye sensa (kile kibao ndani ya kamera kinachopokea picha), Canon EF mdomo wake uko milimita 44, hapo inabaki nafasi ndogo ya pete inatosha kabisa. Wenye Nikon DSLR (zile zenye kioo cha kuakisi ndani) ndio wanapata tabu, yao ni 46.5 tayari imezidi, wakifunga wanapata fokasi ya karibu tu, mlima Loleza pale hawaushiki mpaka waweke adapta yenye kioo na hicho kioo kinakula ubora. Mirorlesi (zisizo na kioo hicho cha kuakisi) zote safi, ila nyingi lazima uingie kwenye menyu uiruhusu kamera ipige bila lenzi.

Ukishafunga, kamera itaandika F00, usishtuke, haiijui lenzi. Tumia M, unapanga kila kitu mwenyewe, au Av, hapo kamera inapima mwanga na kuchagua shata (muda wa kupokea mwanga) yenyewe. Kwenye lenzi utaona pete mbili za apecha (tundu la kupitisha mwanga). Moja inagonga gonga, hiyo unachagua kikomo, tuseme 5.6. Nyingine inateleza tu, inafungua na kufunga. Unafungua mpaka 2 ili uone vizuri, unashika fokasi, unafunga mpaka igote kwenye kikomo, unapiga. Na fokasi usiitegemee kwenye kitundu cha kuchungulia, washa skrini ya nyuma, vuta mara 10, angalia kope za mtu sio pua.

Kabla ya kununua adapta mulika lenzi na tochi ya simu kutokea nyuma, apecha ikiwa wazi. Ukiona nyuzi nyuzi zimetambaa kama buibui ni fangasi huyo, peleka kwa fundi mapema kwa sababu anakula ile rangi ya juu ya kioo na akishakula hairudi.

dada_tukuyu
Naongezea hapo kwenye fangasi, huku kwetu mvua haiishi na ukungu unaingia mpaka chumbani, usiiweke lenzi kwenye lile pochi lake la ngozi, ngozi inashika unyevu. Weka kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri na vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye viatu vipya. Na ukitoka hifadhi ya Kitulo na baridi lake ukaingia ndani penye moto, acha kamera kwenye begi mpaka izoee joto, usiitoe haraka, itatoka jasho kioo chote.

Kupiga watu inafaa sana kaka, lenzi ya milimita 58 kwenye sensa yako ndogo inavuta kama ya milimita 93. Msimamishe mtu mita mbili hivi kutoka kwako, nyuma yake kuwe mbali na kuwe na majani mengi mwanga unapenya, migomba ni tamu kuliko kitu chochote, apecha 2, utaona ule ukungu wa nyuma yake kama unazunguka. Ila kwenye 1200D mzunguko utauona kidogo tu, kona ambako unazunguka zaidi zinakatwa, wenye fulufremu (sensa kubwa) ndio wanaufaidi wote.

WhatsApp tuma kama dokumenti, sio kama picha, inafika na ukubwa wake wote. Halafu andika chini umetumia lenzi gani na apecha ngapi, maana kamera haiandiki hivyo vitu kwa lenzi za zamani na sisi wengine ndiyo tunajifunzia hapo. Kuona picha nzuri bila kujua imepigwaje hatusogei.

mdau_mafinga
Mimi nipo tofauti kidogo. Kama unapiga harusi baki na lenzi ya otofokasi (inayoshika fokasi yenyewe), bibi harusi anaingia anacheza hutaweza kumfuata na pete, na mteja hasubiri. Helios ni ya mapenzi yako, mtu aliyetulia, maua, mandhari.

dada_tukuyu
Kweli kabisa mdau, harusini hapana.

uyole_kwetu
Ndaga fijo wote. Nimemulika, ndani safi, vumbi kidogo tu. Sio za biashara mdau, nataka niende nayo Kitulo maua yakiwa yamechanua. Nitatuma dokumenti.

Kihesa_foto
Vumbi kidogo halionekani kwenye picha, usiifungue. Kuhusu Kitulo naomba kitu kimoja, ukipiga orkidi andika Kitulo tu, usitaje bonde wala njia. Viazi vyake vinachimbwa vinavushwa Zambia kutengenezea chikanda, chakula cha huko. Na ukipiga kwa simu zima lokesheni kwanza, ukituma kama dokumenti inaenda na ramani yake humo humo.