Maji tunachemsha kila siku, mbona meno ya mtoto yana madoa ya kahawia?

Mama Abigaeli, Usa River

Habari za jioni wapendwa. Tunatumia maji ya kisima cha jirani. Ni meupe, hayana harufu wala ladha mbaya. Nayachemsha mpaka yatokote, nayachuja, nayahifadhi kwenye ndoo yenye koki, na kuhara hapa nyumbani tumekusahau. Sasa mwanangu mkubwa ana miaka 8, na meno ya mbele ya ukubwani yameota na michirizi ya kahawia. Anapiga mswaki asubuhi na usiku, nasimama naye. Shuleni ameanza kufunika mdomo akicheka, na hilo ndilo linaloniuma. Mdogo wake ana miezi 5. Nikichemsha kwa muda mrefu zaidi itasaidia? Au tatizo ni dawa ya meno?

Kijana wa Tengeru

Pole dada. Jaribu vidonge vya klorini, au shabu. Kwetu bibi anazungusha shabu kwenye ndoo na uchafu wote unatuama chini. Na mtoto anywe maji mengi, yanasaidia figo na choo kinakuwa laini.

Mzee wa Maabara

Mama Abigaeli, pole sana. Nimepima maji maisha yangu yote ya utumishi, sasa nimestaafu niko Kikatiti, na hakuna swali nililoulizwa zaidi na akina mama kuliko hili lako. Mswaki hauna kosa, na mtoto hana kosa. Kwa unavyoeleza, na kwa mahali mnapoishi, mimi nashuku floraidi.

Kuchemsha usiache. Ndiko kunakoua vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara, na ndiyo maana nyumba yako ina afya ya tumbo. Lakini floraidi si kijidudu. Ni madini yanayoyeyuka kutoka kwenye miamba ya volkano ya huku kwetu Meru, na moto hauyafanyi kitu. Chukua mchuzi uliozidi chumvi: ukiuacha jikoni ukauke, chumvi inapungua? Basi ukirefusha kuchemsha, mvuke unaondoka, floraidi inabaki, na kila kikombe kinakuwa na nyingi kuliko mwanzo.

Kijana wangu wa Tengeru, klorini nayo inaua vijidudu tu. Shabu inatuliza tope. Ipo njia ya shabu na chokaa iliyotoka Nalgonda, India, inayopunguza floraidi kweli, lakini ina vipimo vyake kulingana na maji yenyewe. Kuzungusha kwa mkono kwenye ndoo hakutoshi. Maji mengi ni mema kwa mwili, hapo uko sahihi, ila yakiwa na floraidi nyingi ndivyo mtoto anavyozidi kuimeza.

Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na sasa ndicho chetu pia. Zamani maji ya vijijini yaliruhusiwa hadi miligramu 8, kwa kuwa vyanzo vingine havikuwepo, baadaye ikashuka hadi 4. Watu wazima wengi unaowaona hapa na meno ya kahawia walikulia kwenye maji ya namna hiyo. Na meno ndiyo yanayoonekana mapema. Floraidi ikizidi sana na kwa miaka mingi inaingia kwenye mifupa. Nimeona watoto wenye matege ambao hawawezi kukimbia na wenzao, na hilo sitazoea kuliona.

Sasa huyo wa miezi 5 ndiye wa kuwahi. Jino la ukubwani hujijenga ndani ya ufizi tangu utotoni hadi kama miaka 8, na madoa huingia wakati huo. Maziwa yako hupitisha floraidi kidogo mno hata kama wewe unakunywa ya kisimani, kwa hiyo mnyonyeshe bila wasiwasi. Hatari inaanza siku ya kwanza ya uji. Tafuta maji ya uji kabla siku hiyo haijafika.

Mvua haina floraidi ya kutisha. Weka mifereji kwenye bati, mvua ya kwanza iache ioshe vumbi na kinyesi cha ndege, kisha kinga kwenye tangi lenye mfuniko. Hayo uyachemshe. Yawe ya kunywa na kupikia tu, kufua na kuogea kisima kinatosha. Na magadi yaondoke kwenye maharage na makande, maana magadi ya kwetu yana floraidi nyingi sana.

Kuna pia chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kazi iliyofanywa miaka mingi pale kituo cha Ngurdoto. Mifupa inachomwa kwa hewa kidogo mpaka iwe myeusi. Ikiungua ikawa myeupe kabisa nguvu yake inapungua. Chujio hilo hushiba. Likishashiba maji yanatoka meupe vilevile na floraidi yake yote, kwa hiyo usilinunue kwa mtu asiyekwambia lini ulipime na lini ubadilishe mkaa.

Mama Abigaeli, Usa River

Shikamoo mzee, asante sana. Mkubwa wangu je, yatatoka? Na kisima nakipimaje?

Mzee wa Maabara

Marahaba mwanangu. Kwa mswaki hayatoki, usimwache ayasugue kwa mkaa au mchanga. Daktari wa meno anaweza kuyapunguza au kuyafunika, basi mpeleke, maana mtoto anayeficha kicheko anahitaji msaada kama mgonjwa mwingine. Naye mhamishie kwenye maji ya mvua, mifupa yake bado inakua.

Kupima, nenda maabara ya ubora wa maji ya Wizara, ipo Arusha. Chukua chupa safi ya plastiki, isuuze mara tatu kwa maji yaleyale ya kisima, ijaze, ifunge, andika jina la kisima na tarehe. Chukua na ya kisima cha pili kilicho karibu. Visima viwili vya mtaa mmoja vinaweza kutofautiana sana.