Mashine ya boti iliyolala muda mrefu haitulii sailensa (ikiunguruma taratibu bila kupewa moto): tupeane uzoefu

Mwana Kibirizi
Wakuu, jana nimemsaidia jirani kusukuma boti majini, mashine yake ikaanza kukohoa, nikakumbuka Agosti 2024. Sisi wa Kigoma mnajua, Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti samaki wazaliane. Mashine yangu ni Yamaha 15 ile ya kuchanganya oili. Niliishusha nikailaza stoo juu ya gunia, kabureta ina mafuta, tenki lina mafuta kama nusu.

Siku ya kurudi majini navuta kamba, ya nane ikawaka. Nikiipa moto, yaani mafuta mengi, inaimba. Nikipunguza ili niweke gia, inatetemeka kama mtu mwenye homa, inapiga chafya, inazima. Siku tatu niko nchi kavu, wenzangu wanapandisha migebuka na dagaa, wanangu wananiangalia. Fundi wa kwanza akasema koili imekufa, nikanunua koili. Bado. Nikabadilisha plagi zote mbili. Bado.

Mzee mmoja akaja na bisibisi, akafungua kabureta, akanionyesha jeti ndogo ya sailensa, kile kitundu cha kupitishia mafuta. Imeziba kwa utando wa rangi ya chai, unanata kama gundi. Petroli ilikuwa imeruka yote, uchafu na oili vikabaki. Jeti kubwa ilikuwa wazi, ndiyo maana kwenye moto haikusumbua. Pesa ya koili iliniuma sana. Wenzangu, yenu ilikuwaje?

Nanga Tatu
Hapo hapo kwenye jeti ndogo. Yangu nayo ilikuwa hivyo hivyo.

Fundi wa Mwaloni (Mwanza)
Kaka Kibirizi, pole. Wengi wanaanza na koili kwa sababu inauzwa dukani, kumbe jeti inataka kusafishwa tu. Mimi nikiletewa mashine iliyolala, kwanza namwaga mafuta ya zamani yote. Nayaweka kwenye chupa nyeupe ya maji, naiacha itulie. Kama kuna maji utayaona yamekaa chini. Tenki lililolala nusu hutoa jasho kwa ndani, maji yanaingia hivyo.

Halafu iwashe, na inapotaka kuzima vuta choki kidogo. Ikipata nafuu, jua inakosa mafuta: jeti imeziba au kuna hewa inaingia kwenye mpira wa mafuta. Ikizidi kukaba na moshi mwingi, basi mafuta yamezidi, angalia boya la kabureta na sindano yake. Usikimbilie kuzungusha skrubu ya hewa kabla hujasafisha, utapoteza hata pale palipokuwa pazuri.

Mtoto wa Pwani
Mimi jeti nazibua kwa uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli. Dakika tano tu.

Fundi wa Mwaloni (Mwanza)
Ndugu yangu, usiwafundishe watu hivyo. Ule ni chuma, jeti ni shaba. Unakwangua tundu linapanuka, kuanzia siku hiyo mashine inakunywa mafuta na plagi zinakuwa nyeusi. Loweka kwenye petroli safi, puliza kwa upepo. Ikigoma kabisa, uzi mwembamba wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme, tena taratibu.

Mtoto wa Pwani
Miaka sita natumia na mashine inatembea.

Bi Mwani
Mume wangu husema hivyo hivyo, na kila mwezi ananunua plagi.

Jibondo Kwetu
Nasoma hapa mikono inatetemeka. Niwaeleze yaliyonikuta.

Mashine ilikuwa imelala kusi nzima, kama miezi minne. Nikaiwasha jioni pale ufukweni, ikawaka, nikaridhika. Usiku huohuo wakaja kunigongea: shemeji yangu ameshikwa na uchungu, mkunga anasema apelekwe hospitali Kilindoni, Mafia. Sisi Jibondo ni kisiwa, maana yake tuvuke kwanza mpaka Utende, kisha gari. Tulikuwa watu watano botini. Maji yalikuwa yanatoka kwa nguvu, na wanaojua mlango wa Kinasi wanajua maji yakitoka pale yanavyovuta kuelekea bahari kuu.

Katikati nikaona wimbi limesimama mbele, nikapunguza moto boti isimrushe mgonjwa. Ikakohoa mara mbili, kimya. Nilivuta kamba mpaka ngozi ya kiganja ikachubuka. Inawaka, nikiishusha inazima. Pondo ninalo lakini maji ni marefu, haligusi chini. Tunaona taa za Utende zinasogea pembeni, tunachukuliwa. Shemeji akawa analia, kisha akanyamaza, na kule kunyamaza ndiko kulikoniogopesha zaidi.

Kaka yangu akatupa nanga, kamba ikaisha yote, Mungu akasaidia ikashika. Nikamwaga bakuli la kabureta kwa tochi ya simu, yakatoka maji, matone matupu ya maji. Nikagusa mpira wa mafuta, una ufa pale unapoingia kwenye pampu ya mkono. Tukaufunga kwa kipande cha kanga. Ikawaka, na sikushusha moto tena mpaka mchangani Utende.

Mtoto ni wa kike. Sasa yuko darasa la pili.

Bi Mwani
Alhamdulillahi. Na mama yake hajambo?

Jibondo Kwetu
Hajambo, dada. Ila boti yangu hapandi tena.

Nanga Tatu
Sasa kaka, unavusha mgonjwa usiku bila makasia? Na kuwasha ufukweni si kupima, ungeipeleka majini nusu saa, uipandishe na kuishusha.

Mwana Kibirizi
Mkuu, mtu amegongewa mlango usiku. Mwache.

Nanga Tatu
Simlaumu. Nimewahi kumzika mtu kwa jambo kama hilo, ndiyo maana nasema.

Kijana wa Ukerewe
Poleni. Naomba kuuliza: dumu la lita 20 mnaweka oili kiasi gani? Mimi naweka nusu lita.

Mtoto wa Pwani
Nusu lita sawa, hata zaidi. Oili haijawahi kuua mashine.

Fundi wa Mwaloni (Mwanza)
Petroli hamsini kwa oili moja ni mililita 400 kwa lita 20. Nusu lita ni ya asiye na kipimo. Na usimimine oili mpya juu ya mchanganyiko uliolala, ule petroli yake imeshapungua, oili inakuwa imezidi tayari. Ndiyo hizo plagi zenye mafuta.

Kijana wa Ukerewe
Plagi yangu ya juu kavu, ya chini imelowa.

Fundi wa Mwaloni (Mwanza)
Ya chini haichomi. Badilishana plagi kwanza. Ulowevu ukihamia juu, plagi mbovu. Ukibaki chini, angalia kofia na waya wake, panaoza kwa unyevu. Hapo tu ndipo ningeifikiria koili.

Bi Mwani
Na msiiwashe nje ya maji mkijaribu hayo. Sisi mpira wa pampu ya maji uliungua hivyo, ikawa haikojoi maji ya kupoza.

Mwana Kibirizi
Jirani yangu ananiita, kabureta amekwisha kuifungua. Utando uleule wa rangi ya chai.