Kupima unene wa bomba jeusi kwa terahezi: unyevu wa Tanga utasumbua?

Bomba110_Tanga: Habari wakuu. Tunazalisha mabomba meusi ya maji ya poliethilini, kipenyo milimita 110, ukuta usiopungua milimita 10. Kwa sasa unene tunaupima kwa mawimbi ya sauti ndani ya tangi la maji, na bomba likiwa la moto namba zinayumba. Kuna muuzaji analeta kipimo cha terahezi (mawimbi yaliyo kati ya mikrowevu na infraredi), anasema hakigusi bomba wala hakihitaji maji. Kwa bomba jeusi kinafanya kazi kweli? Na unyevu huu wa pwani?

fundi_leza: Kinafanya kazi, mkuu, ila angalia namba kabla ya kusaini. Mashine inatuma mpigo mfupi sana wa mawimbi hayo. Sehemu yake inarudi kutoka uso wa nje, nyingine kutoka uso wa ndani, na pengo la muda kati ya miakisi hiyo ndilo linalokupa unene:

unene = kasi ya mwanga × pengo ÷ (2 × n)

Hiyo n ni mara ngapi wimbi linapunguza mwendo likiwa ndani ya plastiki. Kwa poliethilini ni kama 1.53, kwa hiyo ukuta wa milimita 10 unakupa pengo la pikosekunde 102 (pikosekunde ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde). Mwulize muuzaji dirisha la muda la mashine yake, yaani muda inaoweza kupima kwa mpigo mmoja, ni pikosekunde ngapi. Likiwa fupi kuliko pengo hilo, mwakisi wa pili hutauona hata ukipanga lenzi mpaka kesho.

Kuhusu weusi: masizi yanayotia bomba weusi, asilimia 2 hadi 2.5, humeza zaidi masafa ya juu (mitetemo mingi kwa sekunde). Kwenye ukuta mnene, mwakisi wa ndani unarudi dhaifu na umebaki na masafa ya chini tu. Muuzaji akitangaza "mpaka terahezi 3", hilo halikusaidii hapo. Kwa unene wenu hata rada ya chini ya terahezi 0.3 inatosha: yenye upana wa masafa wa gigahezi 100 (terahezi 0.1) hutenganisha nyuso zilizoachana kama milimita 1 ndani ya plastiki.

Mkwakwani_QC: Naongezea la unyevu. Mvuke wa hewani humeza masafa maalumu, kama terahezi 0.557, 0.752 na 0.988. Mpigo haufi, ila unaburuta mkia wa mawimbi nyuma yake, na programu huweza kuuhesabu mkia huo kama mwakisi. Funika njia ya mwali na upulize hewa iliyokaushwa. Dirisha la kinga liwe la teflon au poliethilini. Kioo cha kawaida usiweke, kinameza. Adui mkubwa kuliko mvuke ni matone yaliyobaki juu ya bomba likitoka tangi la kupoza, maana utando mwembamba tu wa maji unafuta mwakisi wa ndani. Weka kipuliza hewa kabla ya sensa.

Kurekebisha n: kata kipande, kiache kipoe kabisa, weka alama 8 kuzunguka ukuta, pima kila alama kwa mikromita na kwa terahezi, kisha geuza kanuni ya hapo juu upate n. Rudia kila mkibadili aina ya chembe za plastiki. Bomba la moto limevimba na n yake imeshuka, kwa hiyo sahihisho la kipande baridi usilihamishie kwenye laini ya uzalishaji kama lilivyo. Tena sensa moja iliyosimama inaona upande mmoja tu. Plastiki laini huteremkia chini kabla ya kuganda. Dai kichwa kinachozunguka.

singa_Muheza: Na sisi wa mkonge, unyevu wa robota (furushi la nyuzi lililobanwa) unapimika?

fundi_leza: Robota zima la kilo 250, hapana, ni nene mno. Safu nyembamba ya singa (nyuzi za mkonge), ndiyo, maana maji humeza sana. Ila singa moja ina unene wa milimita 0.1 hadi 0.3, na wimbi la terahezi 1 lina urefu wa milimita 0.3. Linatawanyika ovyo, na mtawanyiko unaonekana kama unyevu. Shuka kwenye terahezi 0.1 au 0.2.

Bomba110_Tanga: Nimempigia muuzaji. Dirisha ni pikosekunde 60.

fundi_leza: Hiyo inaishia milimita 5.9. Hata bomba la kipenyo cha milimita 63 lenye ukuta wa milimita 5.8 litakuwa ukingoni, likizidi kidogo tu limepotea.

Bomba110_Tanga: Basi namwomba bei ya rada.