Wenye mbwa wa Mama Ngina: "Hang'ati huyo" si kamba!

Jamani wenye mbwa, leo tusemezane, maana kunong'ona kumeshindwa. Jumapili saa kumi na moja jioni pale bustani ya Mama Ngina, Mombasa, hapana pa kutia mguu. Watoto wana mihogo mkononi, kina mama wametandika mikeka, wazee wanatazama meli zikiingia Kilindini. Katikati ya umati huo mtu anamfungua mbwa wa kilo 35 azurure, mwenyewe kaegemea mbuyu na simu yake. Ukimwambia, jibu ni lile lile: "Usiogope, hang'ati huyo."

Nani kauliza kama anang'ata?

Mtoto akimwona mbwa hukimbia huku akipiga kelele, na mbwa hufukuza kinachokimbia, awe mpole vipi. Hata meno yasipomgusa, mtoto ataanguka kwenye kabro, yale matofali ya njia, achubuke magoti. Halafu liko hili mnalojitia hamnazo: Waislamu wa hapa wengi ni Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafii. Ulimi wa mbwa wako ukigusa kanzu au buibui, nguo hiyo haisaliki mpaka ioshwe mara 7, mojawapo kwa maji yenye udongo. Magharibi inakaribia kuadhiniwa, mtu atayapata wapi hayo yote pale bustanini? Mbwa mkavu akipita kando na nguo kavu hapana neno. Balaa ni mate na ile pua yenye maji. Kwa hivyo msituambie eti tunachukia wanyama.

Kamba basi. Mkanda wa nailoni wa mita 1.5 hadi 2 watosha. Zile za kujikunja zenyewe, za mita 5, ziacheni kwa uwanja mtupu: mbwa akichomoka, kile kitufe cha kuzuia hukiwahi, na uzi wake mwembamba unamzunguka mtoto miguuni na kumchana. Ukanda wa shingoni uingize vidole viwili tu, usizidi. Ukilegea, mbwa anarudi kinyumenyume na kichwa kinatoka, unabaki umeshika kamba kama mvuvi aliyekosa. Na kulabu muiangalie! Chumvi ya bahari huku hula chuma, springi inaganda nusu wazi, wewe wadhani umefunga. Isuuze kwa maji ya bomba kila mkirudi, itie tone la mafuta, au nunua ya shaba.

Wengine wanamfunga mdomo kwa kitambaa kilichobana wakaona wamemaliza. Hilo ndilo baya zaidi! Mbwa hatoi jasho mwilini kama mtu, anapoa kwa kuhema ulimi nje, na hewa yetu yenye unyevu tayari inamtatiza. Ukimbana mdomo wakati wa kaskazi unampika. Tafuta kifunga mdomo cha muundo wa kikapu, kinachomwacha aheme na anywe maji. Ukiona mate yamekuwa mazito, fizi nyekundu sana, anayumba, mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida tumboni na mapajani, mpepee, kisha daktari wa mifugo.

Mavi nayo. "Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku" si kisingizio, marufuku ni ya 2017 na magazeti ya zamani bado yapo. Kurasa mbili, okota, funga, tupa pipani. Msifukie mchangani! Mayai ya minyoo ya safura huanguliwa kwenye mchanga wenye unyevu na kivuli, vibuu vinapenya nyayo za watoto wanaocheza peku, na kuacha ile michirizi ya kuwasha inayotambaa chini ya ngozi.

(Wauza mishikaki, vijiti pia vitieni pipani. Mbwa akimeza kimoja kinaweza kumtoboa utumbo. Gunzi la mahindi linauziba.)

Sasa tuseme huyo "hang'ati" kang'ata. Kidonda kioshwe hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, bila kupaka pilipili wala mafuta ya taa, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Chanjo ya kichaa cha mbwa huanza siku hiyo, halafu siku ya 3, ya 7, na kuendelea atakavyopanga daktari. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu hakuna anayepona. Mbwa mwenyewe asiuawe wala asifichwe, afungwe na kuangaliwa siku 10.

Hospitali wataulizia chanjo ya mbwa, na hapo mwenye mbwa ndipo anapotoweka kuelekea feri. Picha ya kadi iwe kwenye simu yako, na tarehe ionekane: ikipita mwaka, usije naye.